Uzio wa Umeme kwa Nguvu ya Jua: Tatizo Si Paneli

Tembo akivunja uzio na kumaliza nusu ekari ya mahindi kwa usiku mmoja, jambo la kwanza analofanya mwenye shamba asubuhi ni kutazama paneli. Ina vumbi? Ni ndogo mno? Aliuziwa bandia? Kabla mwezi haujaisha amekopa fedha, amenunua paneli kubwa mara mbili na kuifunga palepale, na tembo wakirudi wanapita vilevile. Mambo haya hujirudia Laikipia, Nyeri, Taita Taveta na kila mahali ambapo shamba la mkulima linapakana na makazi ya wanyamapori. Chanzo chake ni kutojua kila kifaa katika mtambo huu mdogo kina kazi gani. Paneli hulisha betri, betri hulisha enajaiza, na enajaiza ndiyo inayopiga waya. Kama betri ilikuwa imejaa tangu mwanzo, paneli kubwa zaidi haitaongeza hata volti moja kwenye waya.

Uzio wa betri wenyewe si mgeni kwetu. Kwa miaka mingi mkulima asiye na stima alikuwa na njia moja tu: kuifungua betri, kuipakia kwenye bodaboda, kuipeleka senta kuchajiwa na kuifuata kesho yake. Usiku huo mmoja uzio ulikuwa waya mtupu, na wanyama hawachelewi kugundua. Paneli imeondoa safari hiyo, na faida yake ni kubwa kweli. Kinachostahili kupimwa ni mambo ambayo paneli haiwezi kuyaondoa.

Tuanze na enajaiza, kwa kuwa ndiyo moyo wa kazi. Ndani yake, umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri hupandishwa hadi volti mia kadhaa na kuhifadhiwa katika kapasita. Kila baada ya sekunde moja au zaidi kidogo, kapasita hiyo huachilia umeme wake wote kwa mkupuo kupitia transfoma, na waya hupata kati ya volti 5,000 na 10,000 kwa muda ambao, kwenye mashine nzuri, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu ya pigo hupimwa kwa jouli. Kiwango cha kimataifa cha usalama, IEC 60335-2-76, hakiruhusu pigo kupita jouli 5 kwenye ukinzani wa omu 500, na hakiruhusu mapigo kufuatana kwa chini ya sekunde moja. Nafasi hiyo kati ya pigo na pigo ndiyo inayomwezesha mtu au mnyama aliyeguswa kuachia waya na kuondoka akiwa hai.

Teknolojia hii ilikomazwa New Zealand. Bill Gallagher alitengeneza vifaa vya mwanzo huko Waikato katika miaka ya 1930, na mwaka 1962 Doug Phillips wa kituo cha utafiti cha Ruakura akaunda enajaiza ya kapasita yenye uwezo wa kusukuma umeme mbali hata waya ukiguswa na nyasi. Enajaiza zinazouzwa leo Nairobi au Arusha zinafuata kanuni hiyohiyo.

Hapa pana jambo la kuliwekea mkazo kabla ya hesabu zozote. Wapo watu ambao, kwa hasira ya kuliwa mazao au kuibiwa mifugo, huchukua stima ya nyumbani au umeme wa inveta na kuuunganisha moja kwa moja kwenye waya wa shamba. Huo ni mtego wa kuua. Umeme wa volti 240 usiokatika hukaza misuli ya mkono, na aliyeshika waya hawezi kuuachia. Anayekufa mara nyingi ni mtoto wa jirani, mchungaji, au mwenye shamba mwenyewe siku aliyosahau kuzima. Uzio bila enajaiza inayotimiza kiwango usiwekwe kabisa, iwe kwa sola au kwa stima.

Mtu aliyeamua kuunganisha paneli na uzio wake wa betri aanze kwa kuangalia ana betri ya aina gani. Enajaiza ndogo zinazohamishika hutumia betri kavu za volti 9, na nyingi kati ya hizo hazichajiki. Kuzipelekea umeme wa paneli ni kuziharibu, na zinaweza kuvuja au kupasuka. Nyingine hutumia volti 6, na paneli ya volti 12 haizifai. Nyingi zinazofungwa mashambani ni za volti 12, na hizo ndizo ninazozungumzia hapa. Vipo pia vifaa vilivyokamilika ndani ya boksi moja, paneli ikiwa juu, betri ndogo ndani, na nguvu ya chini ya jouli moja. Kwa kugawa malisho ya ng'ombe wa maziwa vinatosha kabisa. Kwa tembo ni fedha iliyotupwa.

Sasa hesabu. Chukua shamba la ekari kumi lenye umbo la mraba. Mzunguko wake ni kama mita 800, na ukivuta nyaya nne unapata zaidi ya kilomita tatu za waya. Tuseme umefunga enajaiza ya jouli 2 inayopiga kila baada ya sekunde moja na robo. Jouli 2 ukizigawa kwa 1.25 unapata wati 1.6, na kwa kuwa theluthi moja hivi ya umeme hupotea ndani ya mashine yenyewe, betri hutoa karibu wati 2.5. Hiyo ni ampea 0.2. Kwa saa 24, ni ampea-saa 5 kwa siku. Ni matumizi madogo sana, na udogo huo ndio unaowadanganya watu. Anayesikia wati 2.5 hudhani paneli ya wati 10 ni anasa.

Kosa ni kusahau kwamba uzio hula usiku na mchana ilhali paneli hufanya kazi saa chache tu. Sehemu kubwa ya Laikipia, siku ya jua zuri hutoa kiasi kinacholingana na saa tano za jua kali. Ukienda Kinangop au miteremko ya Nyeri kati ya Juni na Agosti, ukungu ukishatanda, hesabu saa tatu. Paneli ya wati 30 hutoa ampea 1.7 hivi jua likiwa kali. Kwa saa tano ni ampea-saa 8 na kidogo, na ukitoa upotevu wa vumbi, joto na betri yenyewe, zinabaki kama 6.7. Uzio unachukua 5, ziada ni 1.7. Hadi hapo mambo ni shwari. Lakini msimu wa baridi, kwa saa tatu za jua, paneli hiyohiyo huingiza ampea-saa 4 tu. Kila siku betri inapungua kwa ampea-saa moja, kimya kimya, bila dalili yoyote ya nje. Kama ina akiba ya ampea-saa 25 za kutumia, itafika mwisho katika wiki ya nne, na mwenye shamba atashangaa kwa nini uzio uliofanya kazi tangu Januari umekufa Julai.

Paneli ya wati 50 hubadilisha habari nzima. Katika siku zilezile za saa tatu huingiza karibu ampea-saa 6.7, kwa hiyo betri haipungui. Na ikitokea mvua ya siku tano mfululizo ikala akiba yote, kwenye jua la kawaida wati 50 huirudisha betri katika siku nne, ilhali wati 30 zingehitaji wiki mbili. Kipimo hiki cha muda wa kupona ndicho ninachokiona kuwa muhimu kuliko vyote, na wauzaji wengi hawakitaji. Huuliza uzio una urefu gani, wakatoa paneli kutoka kwenye jedwali. Waulizwe wao: baada ya siku tano za mawingu, betri yangu itajaa lini?

Betri nayo ichaguliwe kwa mawingu hayohayo. Siku tano bila jua, kwa ampea-saa 5 kila siku, ni ampea-saa 25. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji ya ampea-saa 50. Ya lithiamu ya fosfeti inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia, hivyo ampea-saa 30 hivi zingetosha. Ni ghali kununua, lakini huishi muda mrefu zaidi. Betri ya gari ndiyo inayoonekana kwenye mashamba mengi kwa kuwa hupatikana kila mahali, hata ya mtumba. Imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kujazwa papo hapo. Ukiinyonya polepole usiku kucha na kuiacha nusu tupu kwa wiki kadhaa, salfati hugandamana kwenye sahani zake, na baada ya muda mfupi betri hiyo itaonyesha volti 12.7 mchana na kuanguka usiku wa kwanza.

Ndiyo maana betri hupimwa alfajiri, kabla jua halijagusa paneli. Mchana paneli huinua kipimo na kukudanganya. Alfajiri, volti 12.5 au zaidi ni betri yenye afya, 12.2 ni nusu, na ikifika 11.9 betri ya risasi imekwisha hata kama enajaiza bado inasikika ikigonga. Wavamizi wa mazao huja usiku, wakati paneli haina kazi yoyote, kwa hiyo kinacholinda shamba saa nane usiku ni kile kilichomo kwenye betri.

Katikati ya paneli na betri kuwe na kidhibiti chaji. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika volti 21 au 22 ikiwa haina mzigo, na betri ya risasi huanza kuchemka na kupoteza maji ukiipita volti 14.4 kwa muda mrefu. Kidhibiti huzuia hilo, na pia huzuia umeme kurudi kutoka kwenye betri kwenda kwenye paneli usiku. Kuna mafundi watakaokwambia paneli ndogo haikihitaji. Kwa paneli ndogo sana kwenye betri kubwa wana hoja, lakini kifaa hiki ni bei rahisi kuliko betri, na sioni sababu ya kukiacha. Mtego mwingine ni wa inveta. Mtu ana enajaiza ya stima, anaiunganisha na betri kupitia inveta ili asinunue nyingine. Inveta nyingi ndogo, hata zisipokuwa na mzigo, hula wati 5 hadi 10 kwa ajili ya kujiendesha tu. Hizo ni mara mbili hadi nne ya mahitaji ya uzio mzima tuliouhesabu. Nunua enajaiza ya volti 12.

Mahali pa kuweka vitu hivi pana mvutano wa kweli. Wezi wa paneli na betri wapo, na aliyeibiwa mara moja hutaka kila kitu kiwe karibu na dirisha la chumba cha kulala. Hilo si baya, ila afanye kwa utaratibu. Paneli, betri na enajaiza zikae pamoja, kisha umeme wa volti kubwa ndio usafiri kwenda kwenye uzio. Kusafirisha volti 12 kwa mita 50 kwenye waya mwembamba ni kupoteza umeme njiani. Na waya huo wa kutoka kwenye enajaiza usiwe wa nyumba: ganda la waya wa nyumba limetengenezwa kwa volti mia chache, na volti 8,000 hupenya humo na kuishia kwenye ukuta au ardhini. Upo waya wenye ganda nene uliotengenezwa kwa kazi hii. Paneli yenyewe, kwetu tulio karibu na ikweta, haihitaji kuinamishwa sana. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Kivuli cha tawi moja juu ya pembe ya paneli kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake.

Hadi hapa tumezungumzia upande wa jua, na aliyefuata hesabu ameona kwamba ni upande unaopangika. Ukishaufanya vizuri mara moja, unakaa. Upande wa pili haukai hata wiki moja bila mtu.

Nyasi ndizo zinazoongoza. Kila jani bichi linalogusa waya huteremsha umeme kidogo ardhini, na baada ya mvua za masika majani ni maelfu. Enajaiza ya kawaida hutoa jouli zilezile kila pigo, iwe waya ni safi au umefunikwa na magugu, kwa hiyo betri haionyeshi tofauti kubwa. Kinachoshuka ni volti kwenye waya: kutoka 8,000 hadi 4,000, kisha 2,000, na kwa uzio wa ng'ombe ukishapita chini ya 3,000 umeanza kuwa pambo. Tembo huhitaji zaidi, kama volti 6,000 hivi kwenye ncha ya mbali kabisa. Panga ndilo dawa ya tatizo hili.

La pili ni ethi. Umeme wa uzio haumpigi mnyama mpaka upite mwilini, utoke miguuni, usafiri kwenye udongo na kurudi kwenye enajaiza kupitia vyuma vilivyochimbiwa. Udongo mkavu hauupitishi vizuri. Fundi mwadilifu huchimbia angalau vyuma vitatu vilivyopakwa zinki, vya mita 2 kila kimoja, vikiachana kwa mita 3, mahali penye unyevu kama karibu na birika la mifugo, na mbali na ethi ya nyumba kwa mita 10 au zaidi. Fundi wa haraka hupigilia kipande kimoja cha nondo cha nusu mita na kuondoka. Wakati wa mvua ethi zote mbili hufanya kazi. Februari ya fundi mwadilifu tu ndiyo inayofanya. Huko Samburu, Isiolo na Kajiado, ambako udongo hukauka miezi mingi, huongezwa nyaya za ethi kwenye uzio wenyewe kati ya nyaya zenye umeme, ili mnyama anayegusa mbili kwa pamoja apigwe hata kama amesimama kwenye vumbi tupu.

Kwa hiyo uzio ukidhoofika, kazi ya kwanza ni kupima. Tenganisha enajaiza na uzio, uipime peke yake. Ikitoa volti 9,000 ikiwa peke yake na 2,500 ikiunganishwa, paneli yako haina kosa wala betri yako haina kosa. Tembea kwenye waya ukatafute nyasi, insuleta iliyopasuka, nguzo iliyoanguka au kiungo kilichoshika kutu. Ikitoa 3,000 hata ikiwa peke yake, rudi kwenye betri na ukumbuke kipimo cha alfajiri. Ethi hupimwa pia: kwenye umbali wa mita 100 au zaidi egemeza vyuma kati ya waya na ardhi mpaka volti za uzio zishuke chini ya 2,000, kisha pima kwenye vyuma vya ethi. Ukiona zaidi ya volti 300, ethi haitoshi. Voltimita ya uzio ni kifaa kidogo, na ajabu ni kwamba mashamba mengi yenye paneli kubwa hayana hata moja.

Tembo hulifanya jambo hili kuwa gumu zaidi, kwa sababu hujifunza. Meno yake hayapitishi umeme vizuri, na madume wengine hugundua kwamba wanaweza kuukata waya kwa meno bila kupigwa. Wengine husukuma nguzo au huangusha mti juu ya uzio. Huko Lewa watafiti waliwafuatilia madume sugu waliokatwa meno ili wasivunje uzio, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba uvunjaji ulipungua lakini haukukoma. Hakuna wati za sola zinazojibu hilo. Linalosaidia ni uzio wenye volti za kutosha tangu siku ya kwanza, ili tembo asipate usiku hata mmoja wa kujifunza kwamba waya hauumi.

Uzio wa mtu mmoja una ubaya mwingine: humsukuma mnyama kwa jirani asiye na kitu. Ndiyo maana mfano wa Aberdare unastahili kusomwa kwa makini kuliko matangazo ya vifaa. Shirika la Rhino Ark na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) walianza kujenga uzio huo mwaka 1989 na kuukamilisha mwaka 2009, karibu kilomita 400 kuizunguka milima yote. Umedumu kwa sababu kuna walinzi wa uzio, wengi wao wakitoka vijiji vya hapohapo, kila mmoja akiwa na kilomita zake za kutembea, kufyeka na kupima. Na pale Mlima Kenya, wahifadhi walikubali kwamba uzio usio na mlango ni tatizo pia, wakaacha ushoroba unaoelekea Ngare Ndare na Lewa, na tangu 2011 tembo hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru bila kuingia mashambani. Kwa mkulima mdogo wa Sagalla kule Taita Taveta, uzio wa mizinga ya nyuki umeonyesha kwamba si kila shamba linahitaji umeme.

Wapo pia wanyama wasioharibu chochote lakini wanaumia. Kobe akiguswa na waya wa chini hujificha ndani ya gamba lake badala ya kukimbia, na pigo huendelea mpaka afe. Kakakuona hujikunja akiwa ameuzungushia waya mwili wake. Pale ambapo lengo ni tembo au ng'ombe, waya wa chini uinuliwe sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, au usitiwe umeme kabisa. Ni badiliko lisilogharimu chochote likifanywa wakati wa kujenga.

Kaunti, wafadhili na vikundi vya kijamii vinavyotoa uzio wa sola hupenda kuhesabu kilomita zilizojengwa na paneli zilizofungwa. Nawaomba wabadilishe bajeti kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa: watenge ujira wa mlinzi wa uzio kwa angalau miaka mitatu, voltimita moja kwa kila mlinzi, na fedha za betri mpya pindi ya kwanza itakapochoka, maana itachoka. Na kama fedha hazitoshi kwa vyote, wapunguze kilomita, wasipunguze mtu wa kuzitembelea.